Kipengele cha Saba na Meno Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu kaleta mkataba wa kazini. Kipengele cha saba: akiacha kazi, miaka mitatu asitengeneze meno ya bandia mjini hapa wala mji wa jirani. Asaini kufikia Ijumaa, au arudishe aproni. Chakula hakukigusa. Anasema asiposaini hana kazi. Akisaini, mikono yake si yake tena. Nikamwambia aniachie mimi. Meno yangu ya juu, manane ya mbele, kayatengeneza yeye! Hakuna anayejua kuwa ni ya bandia. Ila niliowaambia.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: nimkusanyie wateja kwanza, akatae bila wasiwasi. Nikapanga foleni zahanati, siumwi popote. Nikatabasamu. Kisha nikayavua, waone kazi ya ndani ilivyolala. Majina kumi na moja! Bibi mmoja, kilemba safi, ndiye aliyeuliza zaidi: karakana itakuwa wapi, lini, binti kashasaini? Nikamjibu yote. Sebuleni kwangu, karibuni tu, na hasaini ng'o! Nimemwandika wa kwanza. Akili ninazo, ni shule tu iliyoishia darasa la nne.

Jumatano, 6 Machi
Yule bibi ni mama mzazi wa Bosi.
Miaka mitatu imekuwa mitano. Na mstari mpya: "wala mama yake asionyeshe meno kutafuta wateja." Sijawahi kuandikwa kwenye hati ya ofisi. Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Binti hakucheka. Kumbe alikuwa akimbembeleza Bosi ashushe hadi mwaka mmoja, na Bosi alishaanza kulegea. Akaniuliza, taratibu, kwa nini sikumuuliza yeye anataka nini. Nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nilikwenda karakana kuomba radhi. Meno niliyaacha nyumbani, nisionekane naringa. Kosa! Bosi hakuambulia neno, akadhani namtukana. Akamwita binti amweleze ninachosema. Mwanangu akasimama mbele ya wenzake, mikono imejaa unga wa plasta, akarudia maneno yangu moja moja: kosa ni langu mimi mama, si lake. Mtoto huyu alinirudishia uso wangu, baada ya miaka sita ya kucheka nimeziba mdomo. Hapo sauti ikamkatika. Mtu akazima mashine. Bosi kipengele hakukifuta.

Ijumaa, 8 Machi
Hakusaini. Karudi na kisu chake cha kuchongea nta ya meno na taa yake ndogo ya kuiyeyushia, kavifunga kwenye taulo. Anasema miaka mitano angeimeza, ila hawezi kusaini karatasi inayomkataza mama yake kucheka. Nililia mpaka kwikwi. Ana ombi moja: nifunge mdomo hadi apate kibali cha karakana yake. Nikaapa. Kwa meno haya haya.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi mama wa Bosi kabisha hodi mlango wa nyuma. Meno aliyotengenezewa na mwanawe yamo kwenye leso. Mwaka mzima yanamkwaruza fizi, na hajamwambia. Anaomba binti ayasugue kidogo, kimyakimya, mwanawe asijue kamwe, ataumia. Binti kakubali, hakutaka hata malipo. Tukaapishana wote watatu. Mimi kwa siri ni kaburi.

Mchoraji wa mabango nimeshamwita. Herufi nyekundu, zisomeke toka barabarani: HAPA HATA MAMA WA BOSI HULETA MENO YAKE.