Azimio la Kuinama

Ilitangazwa barazani, kwa idhini ya serikali, kwamba kuanzia asubuhi ile kuinama kutakuwa na maana moja tu.

Kabla ya hapo watu waliinama ovyo. Waliinama kupalilia, kusali, kuingia jikoni, kutapika. Vurugu tupu! Serikali ingejuaje nia ya mwananchi aliyekunja mgongo? Ndipo Bwana D.O. Masese, ofisa wa tarafa, akaleta mpangilio: anayeinama mbele ya ofisa amekubali aliloulizwa. Mbinu ya kisasa. Miaka ya mlolongo watu walipigishwa kura kwa kupangwa foleni, na foleni fupi ikashinda ndefu, lakini wananchi walikuwa na tabia mbaya ya kutazama nyuma.

Nyamusi alikuwa ameinama pale sokoni, akigeuza dagaa wake wa omena juani, D.O. alipouliza kama soko apewe diwani Monari ajenge kituo cha maendeleo.

“Amekubali!” Chifu Obare akamnyooshea kidole. “Yule wa nyanya pia amekubali! Wote wamekubali!”

“Yawa! Chifu, mimi nageuza omena!”

“Sababu ni zako, mama. Sisi tunaangalia mgongo.”

“Na mtu akiangusha kitu, akainama kuokota?”

“Amekubali,” D.O. akajibu. “Sheria haichagui. Tingatinga linakuja kesho.”

Omena ile ndiyo iliyowalisha watoto wa Nyamusi tangu baba yao azikwe. Akasimama wima. Akina mama wote wakasimama. Kunguru wakashuka kula, na hakuna aliyeinama kuwafukuza.

D.O. akafurahi, akadhani anapewa heshima. Akapunga kifimbo kuaga. Kikamponyoka, kikaangukia katikati ya omena.

“Okota,” akamwambia askari.

“Mkubwa, bibi yangu anauza mboga hapa.”

D.O. akamgeukia Chifu. Chifu akashika kiuno. “Mgongo, mkubwa. Umenishika sasa hivi.”

Diwani Monari alikuwa amevutiwa sana na mawingu.

Kuondoka bila kifimbo hakukuwezekana; D.O. bila kifimbo ni mtu tu mwenye kaptura. Akajikunja, akishusha kitambi polepole.

Nyamusi alimngoja afike chini kabisa.

“Bwana D.O., soko libaki letu?”

Chifu Obare, ambaye mdomo wake ulikuwa umezoea neno moja asubuhi nzima, akapaza sauti mpaka kunguru wakaruka:

“Amekubali!”