Hatua Thelathini na Mbili za Bwana Asiyerudi Nyuma

Njooni, wanangu na wana wa wenzangu, njooni mkae. Mwenye uji jikoni aupunguzie moto, mwenye mtoto mgongoni ambembeleze, na nyinyi mnaopita njiani mkijifanya hamsikii, ingieni tu, mlango haujafungwa. Leo sisimulii wafalme waliovunja ngome, wala majemedari waliozama na majeshi yao. Hao wamesimuliwa hata masikio yakaota sugu. Leo nasimulia tendo kubwa kupita hayo, lililotendeka mchana kweupe juu ya daraja jembamba, na mashahidi wake walikuwa watu wawili, baiskeli moja, na magodoro mia na arobaini.

Kitendawili!

Nimewasikia mmesema tega. Basi: ana macho matatu, yote hutazama nyuma, naye maisha yake yote huenda mbele. Si kaa, kaa ana mawili. Si mkwe wangu pia, acheni utani. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ahsanteni. Nilikwenda mji wenu, nikala nikashiba, nikarudi na jibu: ni gari la kijani la Fundi Cherehani, lenye vioo vitatu vya kutazamia nyuma, kimoja ndani na viwili masikioni, ambavyo mwenyewe hakuvitumia kwa lolote ila kuchania masharubu.

Huyu Fundi Cherehani, mshonaji wa sare za shule tatu, bwana wa mkasi na mtawala wa futi ya kitambaa, aliyepiga pasi marinda elfu na asiunguze hata moja, aliitwa sokoni kwa jina la sifa: Asiyerudi Nyuma. Watu walipolitaja jina hilo walidhani wanausifu moyo wake. Masikini, walikuwa wanaisema gia yake.

Kwa maana ukweli, ambao nawapeni kwa sauti ya chini, ni kwamba shujaa yule, katika miaka thelathini na mmoja ya kuendesha, hakujua kurudisha gari nyuma. Siku ya mtihani wa leseni mvua ilinyesha, mtahini akatazama mbingu, akatazama viatu vyake vipya, akasema, “Ya kurudi nyuma tutafanya kesho.” Kesho ile mpaka leo haijafika. Hapo ndipo Fundi alipoanza vita vyake vya siri. Alijenga nyumba yenye mageti mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea, akawaambia majirani ni kwa ajili ya hewa. Msibani aliegesha mbali kilimani, pua ya gari ikitazama njia. Siku moja aliipitiliza nyumba ya shemeji yake kwa hatua tatu tu, shemeji kasimama nje anapunga mkono. Naye akampungia pia, akaenda zake mbele, akazunguka kilomita kumi na moja, akafika tena baada ya nusu saa akasema alikuwa anaonja barabara.

Na mkewe, je? Mkewe alikuwa Mkunga, mama wa pacha wake, mwanamke aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa ule kwa mikono yake miwili kabla hawajajua kuvaa nguo. Aliyaona hayo yote, akanyamaza. Fundi akauhesabu unyamavu ule kuwa ni kutojua.

Sasa sikieni jinsi safari ilivyozaliwa. Pacha mmoja, yule wa kike, aliolewa ng'ambo, akawaita wazazi wake wakae naye miezi mitatu. Wakaruka bahari mbili. Jioni moja mezani, baba mkwe wa binti akauliza kwa adabu, “Nasikia nchini kwenu kuna maporomoko makubwa ya maji. Yakoje?” Fundi, ambaye hakuwahi kuyaona hata kwenye kalenda, akaweka uma chini, akayaeleza kwa nusu saa nzima: ngurumo yake, upinde wake wa mvua, ngazi zake za mawe ambazo aliwahi kuzipanda akiwa na nimonia. Mkunga alikuwa akitafuna. Akaendelea kutafuna mpaka kwenye ndege ya kurudi, na huko juu ya mawingu akasema:

“Baba Pacha, yale maporomoko uliyaona lini?”

Fundi akalitazama bawa la ndege.

“Sikiliza, mume wangu. Nimezeeka na wewe na sijutii. Lakini ukidanganya watu tena na mimi nimekaa pembeni natafuna, nitameza, nitasimama, nitasema. Mbele ya yeyote.”

“Sitadanganya tena,” akasema Fundi. “Na yale maporomoko nitayaona. Nchi yote nitaiona! Nikisharudi, hakuna nisemalo litakalokuwa uongo.”

Akaona amepata njia ya kuuponya uongo, nayo ni kwenda kuukagua. Wakapumzika juma moja, wakapakia chupa ya chai, mito miwili na tairi la akiba, wakaanza kuivuka nchi yao wenyewe kutoka ukingo hadi ukingo. (Maporomoko waliyafikia, msiwe na wasiwasi, yalikuwa madogo kuliko yale ya mezani. Lakini kisa hiki si cha maji.)

Kwa siku nane Asiyerudi Nyuma alikwenda mbele. Alikula ambako kulikuwa na kona ya kugeuzia, akalala ambako kulikuwa na uwanja wa kuzungukia, akapita mji mmoja mzuri bila kuuona kwa sababu njia yake ya kuingilia ilikuwa haina kutokea. Ikawa siku ya tisa, saa sita mchana, nalo daraja likajitokeza: la chuma na mbao, jembamba kama mkanda, mto chini yake ukisema maneno yake. Gari la kijani likaingia hatua thelathini na mbili. Na tazama! Kutoka ng'ambo ya pili, likishuka mlima kwa kishindo, likivuta tela nyuma yake, limebeba magodoro yaliyopangwa hata kuficha jua, lori likaingia hatua kumi, likasimama. Pua kwa pua. Injini kwa injini.

Dereva wa lori akashuka, mtu wa kimo kirefu na kandambili za bluu.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba.”

“Rudi.”

Fundi akateremka, akasimama mbele ya jeshi lake la kijani, akanyoosha masharubu, akanena kwa sauti iliyofika mtoni: “Ewe dereva! Wajua unayemwambia neno hilo? Mimi nimeruka bahari mbili! Nimeona huko madaraja ambayo magari manane hupita sambamba bila hata kusalimiana! Nimevuka nchi hii siku tisa, sikurudi nyuma kwa mvua wala kwa vumbi, wala kwa ng'ombe waliolala barabarani. Leo nirudi kwa ajili ya sponji?”

“Hotuba nzuri, mzee,” akasema dereva. “Lakini nyuma yangu kuna tela, na nyuma ya tela kuna mlima. Nyuma yako kuna nini? Hewa. Tena fikiria: tukikomoana hapa mpaka kesho, mimi nina magodoro mia na arobaini. Nitakaa vizuri kuliko wewe.”

Akavuta moja, akalitandika mbele ya lori, akajilaza, akaweka mikono kisogoni.

Wakati huohuo nyuma ya gari la kijani ikalia kengele. Mwanamke mwenye baiskeli, aliyefunga trei kumi za mayai kwenye kiti cha nyuma, akasimama, akatazama, akafyonya. “Jamani, hapa ni daraja au baraza? Mayai yangu yataanguliwa!”

Ndipo Fundi, akiwa amezingirwa mbele kwa magodoro na nyuma kwa mayai, akafanya alilolizoea. Akasema, “Ningerudi. Wallahi ningerudi. Ila gia ya nyuma imekatika.”

Loo, mlango wa wokovu ukafunguka pasi kubishwa! Dereva akaruka kutoka godoroni. “Si ungesema, mzee! Nikadhani ni kiburi. Tunakusukuma, kazi ya dakika mbili.” Naye Mama Mayai akaegesha baiskeli yake huko mwanzoni mwa daraja, kando ya njia, akajifunga kanga kiunoni, akaja akipiga makofi. Watu wema namna gani! Walikuwa tayari kumwokoa. Na jina lake lingevuka daraja lile zima kabisa, bila mkwaruzo.

Ndani ya gari, Mkunga alikuwa anatafuna karanga. Akaacha kutafuna. Akameza. Akafungua mlango, akaweka mguu mmoja nje.

“Baba Pacha,” akasema. Basi. Hakuongeza.

Enyi wasikilizaji, kuna vita vinavyopiganwa kwa panga na kuna vile vinavyopiganwa na mtu aliyesimama tu akitokwa jasho kwenye masharubu. Upande mmoja lilisimama jina la miaka thelathini na mmoja. Upande wa pili, neno moja lililosemwa juu ya mawingu. Majeshi hayo yalipigana ndani ya kifua cha Fundi kwa muda wa kuhesabu kumi. Kisha akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa ya hotuba.

“Gia haijakatika. Gia nzima kabisa, haijawahi kuguswa. Ni mimi. Sijui kurudi nyuma.”



“Hujui… kidogo?” akauliza Mama Mayai.

“Kabisa.”

Dereva akauma midomo, akatazama mbingu, akafikiria misiba yote aliyowahi kuhudhuria, akashindwa. Akacheka hata akashika lori. Fundi akamgeukia mkewe, naye hakuwa amecheka.

“Mama Pacha. Ulijua?”

“Nani anajenga mageti mawili kwa ajili ya hewa?”

“Na hukusema!”

“Nilingoja useme mwenyewe. Ila sikujua nitangoja mpaka nywele ziwe nyeupe.”

Dereva akafuta machozi, akanyoosha mkono kwa upole. “Samahani, mzee wangu. Nipe ufunguo, nikurudishie mimi, twende zetu.”

Fundi akautoa ufunguo. Mkunga akaudaka katikati ya safari, akaurudisha kiganjani mwa mumewe, akakifunga kiganja.

“Ahsante, mwanangu,” akamwambia dereva, “lakini mimi sijawahi kumzalia mtu mtoto wake. Nasimama pembeni, namwambia sukuma. Baba Pacha, ingia.”

Shujaa akaingia. Akaishika gia ile kwa mkono uliotunga sindano elfu bila kukosa tundu. Akaminya, akavuta kushoto, na chuma kilichokaa miaka yote bila kazi kikapiga yowe hata ndege wakauhama mto. Ikaingia! Gari likatikisika. Likarudi hatua moja, likazima.

“Kata kulia!” akapiga kelele dereva.

“Kushoto!” akapiga kelele Mama Mayai. “Mayai yangu yako kulia!”

“Kulia kwangu au kulia kwenu?” akalia Fundi.

“Kulia kwa gari!”

“Gari limegeuka au mimi ndiye niliyegeuka?”

“Nyamazeni!” akasema Mkunga, na hata mto nadhani ulipunguza. “Chumbani kwangu husema mmoja.” Akaenda kusimama nyuma, mikono imenyooshwa kama anayepokea. “Nimepokea watoto waliotanguliza makalio, na wote leo wanatembea mjini na viatu. Hili nalo linatanguliza makalio, si ajabu. Usilivute, mume wangu. Liache lije. Njoo. Njoo… Pumua, umebana pumzi! Njoo.”

Na likaja. Hatua ya tano likapinda, likanyooka. Hatua ya kumi na mbili likakwaruza ukingo, na mkwaruzo ule upo mpaka leo, mwenyewe hataki upakwe rangi. Hatua ya ishirini Fundi akatazama kioo cha ndani kwa mara ya kwanza bila kuona masharubu. Akamwona mkewe, mdogo, kinyume, akimwita kwa vidole. Hatua ya ishirini na saba tairi likagusa jiwe, trei za mayai ziko mkono mmoja tu kutoka hapo, Mama Mayai kafumba macho. “Kata kidogo. Kidogo! Nyoosha. Njoo, kichwa kimeshapita, njoo, mabega hayo… Hapo hapo!”

Hatua ya thelathini na mbili. Gari la kijani lilikuwa nje ya daraja, barabarani, lote. Mkunga akalipiga buti kofi moja, kama apigwavyo mtoto aliyezaliwa ili alie; nalo likalia, kwa kuwa Fundi, kwa furaha, alikuwa ameilalia honi.

“Hongera, Mkunga!” akapiga vigelegele Mama Mayai. “Mtoto gani?”

“Dume,” akasema Mkunga. “Miaka sitini na minne.”

Lori likavuka, refu, polepole, tela na magodoro yake, na dereva akavua kofia dirishani mpaka akapita. Yai halikuvunjika hata moja. Daraja likabaki tupu, wazi, likiwangoja. Mkunga akavua viatu, akatikisa vumbi, akaenda kushika mlango wa gari.

Gari halikuwepo. Lilikuwa hatua tano nyuma.

“Baba Pacha! Daraja liko huku!”

“Naliona!” akajibu Fundi, shingo imepinda, uso unang'aa, na gari likaendelea kwenda kinyumenyume, limenyooka kama mshono, likaupita mti wa kwanza, likaupita wa pili.

Basi waandishi wa tarehe, kama mna nafasi kando ya ukurasa, baina ya kuanguka kwa ngome fulani na kutawazwa kwa mfalme fulani, andikeni kwa wino mweusi: siku ya tisa ya safari yao, mchana, Fundi Cherehani alirudi nyuma, na mkewe alikuwepo. Na Mama Mayai alipomuuliza Mkunga, aliyekuwa akilifuata gari kwa miguu huku viatu viko mkononi, je, amerudi umbali gani, Mkunga akasema:

“Sijui, mwanangu. Bado anakwenda.”