Seva Tatu za Bwana Picha

Fundi Maneno hakuwa fundi wa kitu chochote. Ulimi ndio uliokuwa mtaji wake. Siku aliyomsikia Bwana Picha, mwenye studio, akilia kwamba kompyuta imekufa na picha za harusi za watu, masikio yalimsimama kama ya paka aliyesikia sufuria ikifunuliwa.

"Kaka, unategemeaje kompyuta moja? Siku hizi tunaunganisha seva tatu, yaani kompyuta za kuhifadhia kazi, programu inazifanya ghala moja. Kila picha inaandikwa kotekote. Moja ikifa, wenzake wanashika zamu."

"Sina taslimu," Bwana Picha akasema, "lakini chukua gari. Lile jeupe hapo nje."

Fundi Maneno alikohoa ili asicheke.

Kesho yake akaleta mzigo. Seva moja aliiazima kwa shemeji yake. Mbili zilikuwa makasha matupu yenye feni na taa za kijani, zikipepesa kwa heshima zote. Mke wa Bwana Picha akaja, mikono kiunoni.

"Fundi, nikizima hii?"

"Zima, dada!"

Akazima kasha moja. Picha za majaribio zikabaki kwenye skrini, naye akapiga kigelegele. Kisha kidole kikaelekea seva ya kweli.

"Weee! Acha! Seva huamua kwa wingi. Ikibaki moja peke yake inagoma kuandika, isije ikaharibu mambo!"

Huo ulikuwa ukweli mtupu, na ndio pekee aliousema wiki ile.

Akakabidhiwa funguo. Alitoka akipiga mluzi, kiwiko dirishani, akiwapungia mkono hata wasiomjua. Kwenye kona ya soko, mzee mmoja aliyevaa suti akajitupa mbele ya gari.

"Mwizi! Gari langu la maharusi!"

"Nimeuziwa, baba! Na Bwana Picha!"

"Yule nilimkodishia tu! Twende huko kwake!"

Studio walikuta misumari tu ukutani. Bwana Picha, mke, makasha, na seva ya shemeji, vyote vilikuwa vimehama. Simu ya Bwana Picha ilikuwa imezimwa.

"Dereva wangu anaumwa, na bibi harusi anasubiri," mzee akasema. "Utachagua: usukani au polisi."

Ndiyo maana jioni ile Fundi Maneno aliendesha polepole, maua kwenye boneti, mashangazi wakiimba nyuma hadi vioo vikatetemeka, yeye akiwaza atamwambia nini shemeji. Bibi harusi akainama mbele.

"Kaka dereva, mpiga picha wetu hatokei, na tulishamlipa. Humjui mwingine?"

Fundi Maneno akafungua mdomo. Mzee, aliyeketi kando yake, akamtazama.

Fundi akaufunga, akabadilisha gia.