Unga wa Cheche

Jumatatu, 5 Machi 1973

Nyongesa amenicheka! Mbele ya karakana nzima! Eti mimi, Dalmas Ogola, fundi wa kukereza vyuma, miaka kumi na mmoja kwa Joginder, mwenye karakana, nimeshindwa kusaga ncha moja iliyovunjika. Ncha inayokata vyuma vingine! Tupa inateleza juu yake. Jiwe la kunolea limeisha lenyewe. Yeye kazi yake kuchomelea mageti. Anajua nini kuhusu ugumu?

Joginder anatafuta msimamizi. Anatafuta pia unga laini wa kusugulia vali za injini. Atapata vyote kwangu. Nimesoma gazeti la ufundi kule maktaba: vyuma viwili ndani ya mafuta ya taa, umeme unakuja na kukatika, kila cheche inang'oa chembe ndogo kuliko vumbi.

Jumatano, 7 Machi

Nimeng'oa kondensa za redio ya nyumbani, vile vidude vya kutunza umeme. Akeyo, mke wangu, akauliza mbona redio imenyamaza. Nikamwambia mtangazaji anaumwa.

Ta! Ta! Ta! Ncha inaliwa! Kutwa nzima, kijiko kimoja cha tope jeusi. Nyongesa akachungulia, akasema ni masizi. Masizi!

Mama Shakuntala, mwenye duka la nguo jirani, amekuja kulalamika kwamba redio yake inakoroma kila nikiwasha mtambo. Mji huu hauheshimu sayansi.

Ijumaa, 9 Machi

Tope lilitakiwa kukauka. Nje, upepo wa ziwani ungelipeperusha lote. Nikaweka sahani ndani ya Peugeot ya Joginder, kwenye kiti, vioo juu. Nani angefikiria vizuri zaidi?

Likakauka. Likawaka! Bila kiberiti! Gazeti lilitaja kwamba unga laini sana hushika moto ukikutana na hewa, lakini hilo liko ukurasa wa pili. Nani hufika ukurasa wa pili?

Joginder akapiga kelele, "Ogola! Nani amepika ndani ya gari yangu?"

Nyongesa akazima kwa mchanga. Nikamuuliza kama masizi huwaka hivyo. Akaenda kujaza ndoo yake tena. Nimeshinda, lakini hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu, 12 Machi

Nyongesa ndiye msimamizi! Kwa ndoo moja ya mchanga! Mimi nimepewa sindano na uzi, nishone kiti.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa la kiti. Ngozi ina mafuta. Nyongesa ameenda Gilgil kuchukua vyuma, na ofisi yake haina upepo hata kidogo. Meza ya mbao kavu, makaratasi mengi ya kutandika chini.

Nimeanika sahani tatu.