Punda Wako Hajui Ukumbi wa Kwaya

Kaka yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini kazi ya kiwandani haikuchoshi huko ulikohamia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi. Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili mkubwa wangu, kulalamika rasmi kuhusu punda wa mkokoteni wa maji uliyeniachia. Punda huyu hajui njia.

1. Kila Jumamosi jioni, saa zako za mazoezi ya kwaya, nampitisha mbele ya ukumbi. Hata sikio hageuzi! Miaka yote uliyoimba humo, leo anaupita kama hajawahi kuuona.

2. Badala yake anakunja kona kwenye mashine ya kusaga, anajipenyeza uchochoroni mpaka mkokoteni unakwaruza kuta, kisha anasimama kwenye mlango wa bluu wa yule fundi cherehani mjane. Nikivuta, hasogei. Nilimfunga kitambaa machoni nikidhani macho ndiyo yanamponza. Akanusa ardhi, akafika mapema zaidi.

3. Fundi anatoka na beseni la pumba, tayari limeshachanganywa, na kuniuliza mwenye nyumba anarudi lini. Nilimweleza kwa adabu kwamba nyumba yako iko mtaa wa pili, na mkeo yumo. Beseni likamdondoka.

4. Majirani wanamwona punda mlangoni na mimi kando yake. Sasa mke wangu ananipakulia chakula bila kunitazama. Kaka, inaniuma. Mhuni nimekuwa mimi, na kosa langu ni kushika kamba tu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Wafugaji wote wanasema punda hasahau njia aliyoizoea. Nawe hujawahi kusema uongo. Shemeji amekupigia pasi joho la kwaya miaka yote kwa imani hiyo. Basi mwongo ni punda. Naomba uje haraka umkane hadharani, mke wangu akisikia, kisha umwoneshe mwenyewe ukumbi ulipo, kama bado unapakumbuka.

Wasalimie wenzako wa zamu na msimamizi wenu. Watoto wanakuamkia, mama anakuombea. Mke wangu hajatuma salamu.

Mdogo wako mtiifu,
Muuza maji

N.B. Usijisumbue kuja, malalamiko yote nayafuta. Shemeji amekuja sasa hivi kumwazima punda. Mkokoteni hakuutaka, wala kamba. Amesema yeye anamwamini kabisa: aachwe tu atangulie, atamfuata nyuma.