Malalamiko juu ya Punda Aitwaye Bwana Saa

Kwa Bwana Mkuu wa shule yetu, mwenye heshima nyingi,

Salaam sana. Ninakuandikia ingawa chumba chako kiko hatua thelathini tu kutoka ninapokaa, kwa sababu kwa mdomo sitaweza. Nimejaribu mara nne. Mara ya nne nilifika mpaka mlangoni, ukaniuliza ninataka nini, nikasema nimekuja kufagia. Nikafagia.

Jambo lenyewe ni hili. Bwana wa stesheni mpya ya Dodoma ameomba mwanafunzi mmoja anayejua kupiga kengele kwa wakati wake, akafundishwe kazi ya gari la moshi. Jumatatu ulituuliza darasani, "Nani huwaamsha alfajiri?" Darasa zima likajibu, "Punda!" Wakacheka, nawe Bwana ukacheka. Mimi nilitazama miguu yangu. Anayepiga kengele ni mimi, kila siku saa kumi na moja, huu mwaka wa pili. Jibu lako linaondoka Jumamosi. Likiondoka bila jina langu, mjomba Matonya atanirudisha Nkuhungu kuchunga mbuzi, naye fimbo amekwisha kunichongea.

Sisemi haya kwa kujisifu. Ninamshtaki punda tu.

1. Mwalimu Yotham alituandikisha kwenye vibao mara arobaini: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi niliandika mara hamsini, wala sikumwambia mtu. Tangu hapo nimejitahidi kuwa chema. Kile kipande cha reli kilichotundikwa kando ya zizi la punda, ndicho kengele yetu, ninakigonga kwa kijiti nilichokizungushia kitambaa, maana chuma kikilia sana mpigaji ataonekana anajitangaza. Kisha ninarudi mkekani upesi, ili niamke pamoja na wenzangu na kushangaa kama wao kwamba kumekucha.

2. Punda hana adabu hiyo. Nikimaliza tu, yeye huanza. Hulia mpaka pumzi imwishe, akavuta nyingine, akalia tena, kisha husimama penye njia ili asiwepo wa kumkosa. Watu wakitoka nje humkuta yeye.

3. Kwa kujitembeza huko amepanda cheo. Alinunuliwa abebe maji kutoka korongoni. Sasa habebi. Mama Zipora, mpishi wetu, anasema mwenye kazi ya saa hachoshwi kwa mitungi, na humpa pumba za uwele kabla sisi hatujapata uji, akimwita Bwana Saa. Maji tunabeba sisi. Mwezi uliopita Methusela, ninayepakana naye mkeka, alimwamkia shikamoo. Alisema ni mzaha, lakini alikuwa amevua kofia.

4. Ikiwa kupaza sauti ndiko kufanya kazi, basi jogoo apewe uakida, na fisi wanaozunguka kijiji jirani cha Mkonze wapewe boma zima.

5. Punda hajui kusoma. Hili nalitaja kwa huruma.

Kwa hiyo ninaomba moja kati ya mawili. Ama punda aandikishwe methali ile mara arobaini. Ama, ikiwa hana mkono wa kuandikia, niruhusiwe mimi kulia kama yeye, kwa kiasi, siku za kazi tu. Nimekwisha kujizoeza korongoni, na mbuzi wawili walikimbia. Lakini iwe kwa amri yako yenye mhuri, watu wajue kwamba ninatii, sijivuni.

Tena, jioni hii nitampeleka punda Mkonze kwa shangazi Raheli, ili kesho upate kuisikia kazi yangu bila kelele zake.

Nisalimie Bibi nyumbani kwako, Mwalimu Yotham, Mama Zipora, na wote wanaoniulizia, kama wapo. Punda simsalimu.

Ni mimi mwanafunzi wako, wa safu ya nyuma, karibu na ukuta,
Elieza
Alhamisi

Nyongeza, Ijumaa mchana: Barua hii sikuileta jana, kwa kuwa mlango wako ulikuwa wazi. Leo alfajiri niligonga reli kama kawaida. Hakuamka mtu. Nikagonga tena. Hakuamka mtu. Nikarudi mkekani kufikiri, nami nikapitiwa na usingizi. Tuliamka saa tatu, jua likiwa usoni, na wewe mwenyewe Bwana ulitoka na nguo za kulalia ukiita, "Punda yuko wapi?" Methusela alitokwa na machozi. Nimekwenda Mkonze kumrudisha. Mama Zipora amempokea kwa pumba maradufu, na mimi kwa mwiko.

Kwa hiyo ninayafuta malalamiko yote. Kazi ya stesheni ni haki yake. Ila ukimwandikia yule Bwana, naomba uongeze mstari mmoja chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote ulizo nazo: kwamba punda huyu haamki mwenyewe. Yupo mtu anayemwamsha.

Jina si lazima. Lakini likihitajika, liko hapo juu.