Somo la Kumfariji Mkongomani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kazi ya mshauri nasaha, hapa kambini kwetu, Kakoba! Nafasi moja. Tunaoitaka wawili: mimi, Mrundi wa mtaa wa Juru, na jirani yangu Perpétue, Mkongomani wa Kivu Kusini. Kwanza kozi ya mtandaoni: namna ya kufariji watu wa desturi nyingine. Mtu anasimulia shida kwenye video, wewe unachagua jibu. Nimegundua siri! Jibu sahihi ni lilelile kila mara: usikisie, muulize mwenyewe. Nikabofya hilo mwanzo hadi mwisho, sauti nimezima. Alama tisini na sita!

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Ijumaa ni mtihani wa ana kwa ana Mbarara, na mteja ni wa Kivu Kusini. Kwao Perpétue! Nikampelekea parachichi mbili, nikamdadisi wanafarijianaje kwao. Akacheka. Eti, "Papa Doriane, si umuulize mutu mwenyewe? Batu habafanane."
Watu hawafanani? Ananificha huyu!
Nikaenda matanga ya Wakongomani Rwekubo. Simjui marehemu. Wageni wanafika, wanajitupa chini, wanalia kwa sauti. Nimeandika yote. Nikala sahani mbili, kwa ajili ya utafiti.

Ijumaa, 7 Machi
Akaingia mteja, Chantal, uso umemshuka. Sikungoja aketi. Nikajitupa sakafuni: yooo, mama weee!
Akaruka. "Nani amekufa? Ni kaka yangu?" Akapiga yowe kunishinda. Mlinzi akaja na rungu. Ikabidi kaka apigiwe simu Kanada. Mzima kabisa, yuko kazini. Kumbe Chantal hapati usingizi tangu kaka ahamie huko. Basi.
Perpétue akaingia, akauliza tu, "Dada, iko nini?" Wakaongea saa nzima.
Kazi amepewa yeye. Kwa swali moja! Hata jasho hakutoka.

Jumamosi, 8 Machi
Ushindi! Amepiga simu msimamizi wa mtihani, Bi Mukakalisa. Kamera ilikuwa inarekodi. Wanaomba ruhusa waiweke video yangu kwenye kozi, sehemu ya makosa ya kuepuka. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Perpétue atajulikana Kakoba tu. Mimi nitatazamwa na washauri wa dunia nzima!
Nikaomba turekodi upya, maana Ijumaa niliangukia ubavu, haikupendeza. Akasema hapana, ile inatosha. Haiwezi kutosha. Nimejitupa mara nne shambani, juu ya maharage ya mke wangu Fébronie. Ameniuliza nani amekufa.
Ya nne ilikuwa safi kabisa.